Cherehani Yenye Jina la Wizi



Nakuandikia kutoka Dodoma, huku katikati ya nchi ambako vumbi la kiangazi huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa. Mimi ni mtu wa pwani niliyekuja bara kusomesha chuo, na miaka imekwenda. Leo sikuletei mawaidha juu ya makosa ya wengine. Nakuletea kosa langu mwenyewe, ili kama nawe umekabidhiwa fedha ya watu, upate kuzingatia.

Alikuwapo jirani yetu, mjane mwenye watoto wanne, aliyejua kushona lakini hana chombo. Jamaa wa msikitini wakachanga fedha wamnunulie cherehani ya miguu, na wakaitaja kwa jina: Singer. Wewe wa pwani huna haja ya kuelezwa sababu. Ni nyumba ngapi za kwetu ambamo cherehani ile nyeusi yenye maandishi ya dhahabu binti aliirithi kwa mama yake, nayo ingali ikishona kanzu za Idi! Fedha nikakabidhiwa mimi, kwa kuwa ndiye sheikh wao.

Dukani nikaonyeshwa cherehani mbili, zote zina jina lile lile. Mwenye duka hakunificha. "Sheikh, hii ndiyo yenyewe. Ile ni ya kuiga, jina limebandikwa tu. Bei yake nusu." Nikajiambia: kwa nusu itakayobaki nitamnunulia vitambaa, nyuzi na mkasi, aanze kazi kesho. Chuma ni chuma. Nikachukua ile ya kuiga. Wallahi sikutia hata senti moja mfukoni mwangu, na hilo ndilo lililonighuri, kwani nilidhani mtu asiyeiba hawezi kuwa amekhini.

Baada ya swala ya Ijumaa nikaikabidhi mbele ya watu. Mzee mmoja akayasoma yale maandishi, akafurahi: "Mashaallah, Singer!" Nikanyamaza. Ulimi wangu haukusema uongo, lakini uongo ulipita katika kimya changu, na watu wote wakaupokea.

Ikafika Disemba. Wazazi wakamletea mjane yule kazi ya sare za shule, maana shule hufunguliwa Januari, naye akapokea arbuni. Cherehani ikaanza kuruka mishono, ikawa inakata uzi, kisha gurudumu likakaza kabisa. Fundi alipoifungua akakuta chuma cha ndani kimelika kama sabuni, na skrubu hazishiki tena. Watu wakataka arbuni zao, na nyingine zilikwisha kuwa unga, watoto wamekula.

Akanijia nyumbani jioni, mtandio ameushika usoni. "Maalim, niwieni radhi. Mmenipa Singer, nami nimeiharibu. Labda mikono yangu ndiyo haijui kazi."

Msomaji wangu, usiku ule sikulala. Nilikuwa nimehesabu kwamba hasara ya chombo cha kuiga ni chuma kibovu, basi. Kumbe lile jina la wizi lilimshuhudia mjane kwa uongo. Kama cherehani ingekuwa na jina lake yenyewe, angesema, "Hii ni dhaifu, niiendeshe taratibu, nisipokee kazi nyingi." Jina kubwa lilimfanya aamini chombo na ajishuku nafsi yake.

Na mimi ndiye ninayesomesha mlango wa biashara! Nawafundisha vijana kila mwaka kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika chungu ya nafaka, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume hakumkataza kuuza nafaka iliyolowa. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akawakana wenye kughushi. Kosa halikuwa umajimaji, bali kuuficha.

Hata mahakama za dunia zimelifikia jambo hili. Singer ilianza Marekani mwaka 1851. Haki zake za uvumbuzi zilipokwisha muda, wengine wakatengeneza cherehani za namna ile ile na kuziita kwa jina lile. Shauri likafika Mahakama Kuu ya nchi ile, na mwaka 1896 ikaamua: kutengeneza ni ruhusa, na hata kulitumia jina lile, ambalo watu walikwisha kulizoea kwa namna ile ya cherehani, kwa sharti kwamba aliyetengeneza ajitambulishe waziwazi, mnunuzi asidhani amenunua kwa mwingine. Kwetu Tanzania pia iko Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963.

Basi tusichanganye mambo. Kununua kitu cha bei nafuu si aibu. Kitu rahisi chenye jina lake ni maskini mkweli, naye unaweza kuishi naye. Kitu rahisi chenye jina la mwingine ni shahidi wa uongo umemwingiza nyumbani.

Ijumaa iliyofuata nikasimama baada ya swala nikasema yote, na mjane akisikia upande wa wanawake. Nikawakumbusha hukumu niliyowasomesha mwenyewe: wakala akikhalifu alichoagizwa, hudhamini. Hakuna aliyenitukana. Yule mzee aliyefurahi siku ile aliinamisha kichwa tu, na hilo lilinichoma kuliko tusi. Kisha akasema, "Tafuta kuukuu, lakini iwe ya kweli."

Nikauza mbuzi zangu, nikarudisha arbuni, na kwa fundi mmoja wa Majengo nikapata Singer ya zamani, rangi imechubuka, namba yake imegongwa katika chuma. Nikamwambia mjane mbele ya watoto wake, "Mwanangu, mikono yako haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu." Akalia kidogo, kisha akaomba uzi.

Ndugu msomaji, ukitumwa kununua, nunua ulichotumwa. Fedha isipotosha, rudi useme haikutosha. Na ukinunua cha kuiga, kitaje kwa jina lake mbele ya atakayekitumia, kabla hakijamtaja yeye kwa ubaya.

Wabillahi tawfiq.