Goti la Kushoto

Wapo wapendwa wanaoamini kwamba mtu aliyeombewa hapaswi tena kukubali kisu. Mama mmoja wa jumuiya yetu, mwombaji kweli kweli, aliniambia hivyo uso kwa uso: "Mwalimu, ukipasuliwa umesema Mungu ameshindwa." Sikumjibu pale. Nampenda, na najua usiku aliokesha kwa ajili yangu. Ila hoja yake siikubali, na nitaeleza kwa nini.

Goti langu lilijipinda nikishuka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Likavimba, likapoa, kisha likaanza kukwama kama kitasa kibovu. Miezi tisa nilipokea Chakula cha Bwana nikiwa nimesimama katikati ya waliopiga magoti. Hakuna aliyenikataza, lakini hilo liliniuma kuliko goti lenyewe.

Kipimo cha MRI kilionyesha meniska imechanika. Kila goti lina meniska mbili, gegedu zenye umbo la mwezi mchanga, zinazopokea uzito kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Daktari alinieleza kwamba ukingo wake wa nje hupata damu, hivyo mpasuko wa hapo unaweza kupona au kushonwa. Upande wa ndani hauna mishipa ya damu, na kilichochanika huko ni vigumu kuunga. Changu kilikuwa cha ndani. Basi nikawaza: Aliyeumba ukingo wenye damu na upande usio na damu ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuitambua tofauti hiyo. Kuitumia akili hiyo ni kumtukana vipi?

Nilisoma pia historia yake. Mwaka 1918, huko Tokyo, Profesa Kenji Takagi aliingiza kifaa cha kutazamia kibofu cha mkojo ndani ya goti la maiti. Kifua kikuu cha goti kilikuwa kikiwaacha watu na magoti yaliyokakamaa, tena katika nchi ambako kukaa kwa kupiga magoti kulikuwa sehemu ya maisha ya kila siku. Mwanafunzi wake, Masaki Watanabe, ndiye aliyeondoa kipande cha meniska kwa njia hiyo mwaka 1962. Nilicheka peke yangu. Kumbe wenzangu wa magoti walikuwapo zamani!

Siku yenyewe nilichomwa ganzi ya mgongoni, nikabaki macho. Matundu yalikuwa mawili, madogo kuliko kifungo cha koti: moja la kamera, jingine la kifaa cha kukatia. Maji ya chumvi yalipitishwa ili kiungo kitanuke. Kwenye skrini nikaona weupe unaong'aa, na kipande kikipepea kama uzi wa kanga iliyochakaa. Nilisema tu "Ee Bwana", nikaishia hapo.

Mazoezi yaliyofuata yalikuwa magumu kuliko upasuaji. Hayo hatuyasimulii katika shuhuda. Leo napiga magoti, juu ya kitenge kilichokunjwa.

Lakini mzee ninayekaa naye benchi moja kanisani aliponiona natembea, alikwenda kwa daktari yuleyule. Akaambiwa gegedu zake zimelika, na upasuaji huu hautamfaa. Daktari hakumdanganya. Utafiti wa Houston, Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha wagonjwa 180 wenye magoti ya namna hiyo, na waliosafishwa goti hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu. Tuliombewa siku moja, mbele ya madhabahu moja, yeye na mimi. Sina maelezo ya kiroho ya jambo hilo, na anayeniletea maelezo ya haraka simsikilizi.

Kila Alhamisi, kabla ya jumuiya, napita kwake. Ameandikiwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja: anakaa kitini, ananyoosha mguu, anahesabu hadi kumi. Mimi ndiye mhesabuji. Tukifika saba huanza kunung'unika kwamba walimu wa hesabu hatuna huruma.