Neno Nililolikariri

Nyuma ya jiko langu hapa Lushoto pameota kivumbasi. Kila nikipita hapo humkumbuka msichana mmoja niliyemfundisha baiolojia katika miaka ya 1970, katika shule ambayo sitaitaja.

Siku hiyo niliwapa wanafunzi vitawi vya kivumbasi waeleze mpango wa majani yake. Nilitaka neno moja tu la Kiingereza, ambalo kwa matamshi yetu ni dekuseti. Yeye hakulikumbuka. Akaandika kwa Kiswahili kwamba shina lina pembe nne, majani yametoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi imekingama juu ya jozi iliyo chini yake. Nikampiga alama ya kosa, X, kwa wino mwekundu. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, neno hilo maana yake nini?" Nikamwambia akariri, aache ubishi. Darasa likacheka. Hakuuliza tena mwaka mzima.

Ukweli ni kwamba maana yake sikuijua. Nami nilikuwa nimelikariri tu chuoni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa shule, nilikuwa natafuta neno jingine katika kamusi kubwa, nikakutana nalo. Asili yake ni Kilatini, dekusisi, yaani kumi. Warumi wa kale waliandika kumi kwa mistari miwili iliyokatana, X, na kutokana na alama hiyo wakapata kitenzi cha kukatisha kitu kwa namna hiyo. Tazama kitawi cha kivumbasi kutoka juu: jozi moja imeelekea mashariki na magharibi, inayofuata kaskazini na kusini. Kwa mpango huo jozi ya juu haiizibii jua ile iliyo chini yake. Mibuni ya milima yetu ya Usambara nayo hupanga majani hivyo kwenye shina lililosimama. Kwenye matawi ya pembeni hujipinda, majani yakalala pande mbili tu.

Basi binti yule alikuwa na maana yenyewe. Mimi nilikuwa na jina tu. Nilimkosoa kwa alama ileile aliyokuwa ameieleza.

Sijui aliko leo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami nilimfundisha kinyume chake. Wajukuu wakiniuliza habari za kivumbasi, nawaambia majani yake yamekingamana. Wakiuliza kwa nini, nachuma kitawi, nakaa nao chini.