Marimba, Mzee na Kiswahili

Kundi la Ndere limechukua jina lake kutoka endere, yaani filimbi. Lilianzishwa mwaka 1984, na makao yake yako upande wa Kisaasi, Kampala, ambako watu hutazama ngoma huku wanakula. Mimi hupenda zaidi dakika zinazofuata onyesho, wachezaji wanapofungua njuga miguuni na watazamaji wanaposogea na maswali.

Maswali mengi hufanana: ngozi hii ni ya mnyama gani, umejifunza kwa miaka mingapi. Jumapili moja, mzee wa Kiganda alikwenda moja kwa moja kwenye amadinda, marimba ya mbao 12, akauliza kwa Kiganda ni nani aliyepiga zile mbao mbili za juu. Hilo ni swali la mjuzi. Amadinda hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akijaza nafasi anayoiacha mwenzake. Wa tatu hushika mbao mbili tu za juu, akirudia sauti zinazotoka kwenye mbao mbili za chini.

Aliyekuwa karibu ni kijana wa Nebbi, mpiga adungu, kinubi cha Waalur. Kiganda chake kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo alijibu kwa Kiswahili: "Mzee, huyo amekwenda kunywa maji. Mimi ni wa nyuzi."

Mzee alinyamaza. Nikataka kutafsiri, akaniinulia mkono. "Nakielewa," akaniambia kwa Kiganda. "Nilikisikia Mengo, 1966."

Mei ya mwaka ule jeshi lilivamia kasri la Kabaka. Wanamuziki wa kasri walitawanyika, na Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi. Darasani tunaita jambo hili "mtazamo hasi", maneno safi mno kwa maoni yangu. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri likakipitisha tena mwaka 2022, na bado nyanya yangu huzima redio akikisikia.

Kijana hakujitetea, alizaliwa miaka mingi baada ya hapo. Aliuliza tu: "Jjajja, muziki wa kule ulikuwaje?"

Mzee akavuta kiti. Alieleza kwa Kiganda jinsi walivyosimama utotoni nje ya ua wa matete kusikiliza, maana ndani hawakuruhusiwa. Kijana aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikasaidia palipokwama, ingawa mara nyingi hawakunihitaji. Mpiga marimba aliporudi, mzee alimwomba vijiti na kumkalisha yule wa Nebbi upande wa pili. Kijana alikuwa akikimbia. Mikono ya adungu ina haraka yake.

"Polepole," mzee akamwambia.

Walinzi walikuwa wameanza kuzima taa za ngazi za juu. Wakarudia tena tangu mwanzo.