Maoni Yalivyoijenga Linux

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, tulipokuwa wanafunzi Dar es Salaam, CD za mfumo endeshi wa Linux tuliazimana mabwenini, na barua pepe za watengenezaji wake tulizisomea intaneti kafe kwa kulipia saa. Wakati ule niliamini kwamba programu ni kazi ya fundi mmoja mwenye kipaji, sisi wengine ni wapokeaji tu. Barua zile ziliniondolea imani hiyo.

Linux yenyewe ilianza na swali. Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, aliwauliza watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mwingine, wanapenda nini na wanachukia nini katika mfumo huo, kwa kuwa alikuwa akitengeneza wake. Mapendekezo aliyataka, ila hakuahidi kuyatekeleza.

Mwishoni mwa mwaka huo mtumiaji mmoja wa Ujerumani alimwandikia kwamba kompyuta yake ina memori ya megabaiti 2 tu, hivyo inashindwa kuijenga Linux kutoka kwenye msimbo wake. Shida hiyo Torvalds hakuwa nayo. Hata hivyo, sikukuu ya Krismasi ikamkuta akiandika sehemu inayoiwezesha kompyuta kutumia nafasi ya diski memori inapojaa. Wengine walimwambia kwamba leseni yake inawakataza kudai hata gharama ya disketi wanazonakilia wenzao. Mwaka 1992 akahamia leseni ya GPL, inayoruhusu kuuza nakala, na mlango wa biashara ukafunguka.

Tangu hapo namna ya kutoa maoni imebadilika sana. Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo, ilipokuja mwaka 2005, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, mwaka 2008, ikawa rahisi zaidi kwa mlalamikaji kuleta malalamiko pamoja na marekebisho yake. Siku hizi wengi hubonyeza alama ya kidole gumba kwenye malalamiko ya wenzao, wakaenda zao. Alama hizo humwonyesha mtengenezaji ukubwa wa shida, lakini hazimwelezi chanzo chake. Yule wa megabaiti 2 alikuwa peke yake, na maelezo yake yakatosha kuubadili mfumo mzima.

Ndiyo maana vijana ninaowafundisha sasa huwaambia: mkikutana na hitilafu katika programu huria, msiishie kuandika "haifanyi kazi". Tajeni kifaa chenu, mlichofanya na kilichotokea. Mtengenezaji aliye mbali hawezi kuijua hali yenu msipomweleza.