Lenzi ya nyumba za mbao

Wamama na dada zangu, wengi mnaniuliza kwa nini picha ninazopiga ndani ya nyumba hutoka nyeusi au zimetikisika. Kamera yangu ni Canon ndogo ya wanaoanza, na lenzi iliyokuja nayo ni 18-55. Ukivuta hadi 55, tundu lake hufunguka f/5.6 tu. Nje kwenye jua haina shida. Ndani ya nyumba zetu za mbao, dirisha dogo na umeme umekatika, mwanga hautoshi.

Kwa akiba yangu nilikuwa na njia mbili. Lenzi ya 18-135 huvuta mbali, lakini haileti mwanga zaidi. Sigma 17-50 haivuti mbali, ila hubaki f/2.8 kote: mwanga mara nne ya ule wa f/5.6. Nimechagua Sigma. Aliye mbali nitamsogelea kwa miguu. Giza halina dawa hiyo.

Lava ya Nyiragongo, 2002 na tena 2021, iliunguza nyumba pamoja na albamu zake. Wako kati yetu wasiobaki na hata picha moja ya mama yao. Basi msingoje harusi. Bibi angali mzima, mketishe karibu na mlango, uso uelekee mwanga, umpige, hata kwa simu.