Dawa Huisha Hata Siku ya Vurugu

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Bariadi. Napita kaya kwa kaya kuwaona wajawazito, watoto wachanga, wenye presha, wenye sukari na wanaotumia ARV. Yakija maneno ya usalama wa nyumba, wengi hutaja geti na kufuli. Mimi nauliza kwanza: dawa za bibi zimebaki za siku ngapi?

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vurugu zilizuka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko. Intaneti ikazimwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Kundi letu la WhatsApp la kufuatilia wajawazito likanyamaza. Bahati nzuri nina daftari: namba ya kila kaya, ya jirani yake, na ya bodaboda anayekubali kutoka usiku. Jioni moja nikamkuta mama mwenye mimba ya miezi tisa, mumewe kasafiri, begi la kujifungulia bado halijapangwa. Tukalipanga pale pale: kanga, pamba, glovu, nguo za mtoto, kadi ya kliniki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usingoje uchungu ukukute huku. Nenda kalale kwa wifi yako karibu na hospitali." Akaenda.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya miji mikubwa tu. Lamadi, wilayani Busega, iko mkoani kwetu Simiyu. Agosti 2024 wananchi waliandamana hadi kituo cha polisi wakilalamikia watoto kupotea. Mabomu ya machozi yakapigwa na mtu mmoja akapoteza maisha. Katika purukushani kama hiyo, ninaowahofia zaidi ni vijana wanaotoka "kuchungulia tu". Mzazi, mpe kijana kazi ndani: achote maji ajaze madumu, achaji simu, akae na wadogo zake. Akiwa na jukumu hatoki kirahisi.

Milio ya risasi ikisikika, watoto walale chini, mbali na dirisha, nyuma ya ukuta wa tofali. Bati halizuii kitu. Moshi wa mabomu ya machozi ukiingia, osha macho kwa maji safi mengi, usiyasugue, wala usipake mafuta. Anayevuja damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote. Kikilowa, ongeza kingine juu yake bila kukitoa cha kwanza. Kisha hospitali. Watu huogopa kumpeleka majeruhi kwa sababu hawana PF3, fomu ya polisi, na hofu hiyo inaua. Mpelekeni! Anayepigania roho yake huhudumiwa kwanza, fomu hufuata.

Desemba 9, 2025, sherehe za Uhuru zilipofutwa na watu wakatakiwa kubaki majumbani, mimi nilikuwa nimeshapita siku chache kabla nikihesabu vidonge kopo kwa kopo. Wa ARV walio imara walikuwa salama, kwa kuwa hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Wa presha na sukari wengi hununua kidogo kidogo, kadiri hela inavyopatikana. Hapo ndipo naumia. Kama tunaweza kumpa mmoja akiba ya miezi, mwenzake wa sukari naye apewe kabla ya tarehe ambayo nchi nzima inajua kuwa huenda barabara zikafungwa.