Baba Hajaanguka, Amejikwaa

Wengi wetu tunabeba boksi baada ya vipindi, na boksi langu ni nyumba ya wazee hapa Uingereza, zamu za usiku. Nina mwaka wa pili sasa, na kuna jambo nataka tuligawane.

Bibi akianguka, jengo zima litajua. Atabonyeza kengele na kukuonyesha panapouma. Babu atakwambia "nimejikwaa tu", na asubuhi ndo unaona kiwiko kimevimba.

Kwa hesabu, kina mama ndio wanaoumia zaidi. Baada ya umri wa miaka 50, mwanamke 1 kati ya 3 na mwanaume 1 kati ya 5 huvunjika kwa sababu ya mifupa kudhoofika. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inayolinda mifupa hushuka sana. Wanaume wana mifupa minene tangu ujana, na yao hupungua polepole.

Lakini jamani, mwanaume akivunjika nyonga, hatari ya kufa ndani ya mwaka mmoja ni kubwa kuliko ya mwanamke. Mara nyingi anakuwa na maradhi mengine mwilini, na mifupa yake haijawahi kupimwa, maana watu wanadhani huo ni ugonjwa wa kina mama.

Ndo maana dada aliponipigia kutoka Tanga kwamba baba kaanguka mara mbili tangu Ramadhani, usingizi ulinipaa. Nikampigia mzee.

"Shikamoo baba. Nasikia umeanguka."

"Marahaba. Nani kaanguka? Nilijikwaa."

Kumbe choo kiko uani, usiku hakuna taa, kandambili zimelika soli, na anameza dawa za presha ambazo huweza kumtia mtu kizunguzungu akisimama ghafla. Dada kafunga taa, kanunua viatu vya kushika chini, na daktari atazipitia zile dawa. Mkongojo mzee aliukataa katakata, eti yeye si kizee. Bakora ya kwendea msikitini kaipokea kwa mikono miwili! Basi, bakora hiyohiyo inamshikilia.

Na sisi vijana tusijisahau. Mifupa hujengwa mpaka karibu miaka 30, yaani sasa hivi tukiwa hapa chuoni. Huku kuanzia Oktoba hadi Machi jua halitoshi kutupa vitamini D, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Ushauri wa serikali ni mikrogramu 10 kwa siku, na wenye ngozi kama yetu wafikirie kumeza mwaka mzima. Dagaa wa kutafuna na mifupa yake nao wanasaidia, kama mama kakufungia kwenye begi.

Wiki hii mkipiga simu nyumbani, msimwulize mzee kama ameanguka. Mwulizeni amejikwaa mara ngapi.